Kibao cha Sabuni

Butembo, Jumanne

Eti kibao! Mwalimu wa semina yetu ya biashara, mgeni kutoka Kisangani, anasema biashara isiyo na kibao barabarani haijazaliwa. Mimi nataka kupika sabuni ya mawese, na pipa la kupikia atapewa tu aliyechora kibao chake.

Mama Kavira, niliyeketi naye benchi moja, aliuliza: «Mwalimu, na basoda bakisoma?»

«Si watanunua, mama?»

«Kununua!»

Salle nzima ilicheka; basoda wa hapa, yaani wanajeshi, huchukua bila kulipa. Mwalimu alidhani tumefurahia somo, akaandika ubaoni: wanajeshi ni wateja.

Nilichora kibao kizuri, chenye maua. Pipa nimepata, na kibao ndicho kifuniko chake, maandishi chini.

Lakini mawese yakichemka yananuka mtaa mzima. Kwa hilo mwalimu hana somo, na mimi kesho nawasha moto.