Uchaguzi wa Nepal Niliokuibia

Jovitha,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri: uchaguzi wa mwisho wa mchezo wetu wa Nepal ulishinda wewe. Mimi niliuiba.

Unakumbuka nilivyosema naingia jikoni kwenu kuhesabu kwa utulivu? Nilitoa kwenye kopo la kura punje nne za kahawa mbivu, kura za chama chako cha Bonde, nikaweka nne mbichi za chama changu. Nikatoka nikatangaza kwamba Chama cha Theluji kimeshinda. Wadogo zako na watoto wa jirani, wapiga kura wetu kumi na watatu, wakashangilia. Wewe ulikuwa umeshanitania, "Yaani mgombea ni wewe, na Tume ya Uchaguzi ni wewe? Haya, Mheshimiwa Tume, tunakuamini." Na kweli uliniamini.

Sikutaka uwaziri mkuu. Niliogopa kanuni uliyotunga, kwamba anayeshindwa asimame juu ya ndoo asome hotuba mbele ya watu wote. Unanijua. Darasani mwalimu akiniuliza, najibu kwa kichwa. Basi ukapanda wewe, ukasema, "Wananchi wa Nepal, mmeamua. Nitakuwa mpinzani mwenye adabu, lakini sitanyamaza."

Siku tisa baadaye ulikuwa umekufa.

Nina hasira, Jovitha. Watu wanakuja na ndizi na kuni, wanakaa, wanasema kazi ya Mungu haina makosa. Ya Mungu sawa. Na ya watu je?

Vitabu vinasema mfalme wa Nepal aliondolewa. Kwenye daftari letu hakuondolewa. Bibi yako alipotusikia tukibishana alicheka, "Hata huku Buhaya wafalme walikuwepo. Huyo wenu wa milimani mtamwacha na nini?" Ukaandika katiba: abaki na taji na ngoma zake, amri itoke kwa watu. Ibara ya nne hukunishirikisha hata kidogo. Watu watatu wakimshauri mfalme jambo moja, hana ruhusa ya kukataa.

Nyumbani kwenu Nyanga hapakuwa na ibara ya nne. Baba yako alikuwa kisiwani Goziba kwenye uvuvi, simu haipatikani, na mfalme alikuwa baba yako mdogo. Jumatano nilipokuletea madaftari ulikuwa unatetemeka chini ya mablanketi mawili. Ukaniambia umeomba kupelekwa hospitali. Mama yako aliomba. Bibi yako aliomba. Watu watatu! Nilimsikia baba yako mdogo mwenyewe akijibu kutoka barazani, "Homa tu hiyo. Mpeni mchaichai alale. Nimeshasema."

Hospitali iko hapo mjini. Pikipiki inafika kabla chai haijapoa.

Na mimi nilisimama mlangoni na madaftari yako mkononi. Ningeweza kukimbia kumwita mama yangu, angekuja hata na khanga moja. Nilitikisa kichwa, nikaaga. Walikupeleka Ijumaa, ukiwa humtambui mtu.

Baba yako alifika kutoka kisiwani tukiwa tumeshakuzika pale kwenye kibanja, katikati ya migomba nyuma ya nyumba. Baba yako mdogo akampokea, "Kaka, ulikuja ghafla huo ugonjwa. Tulihangaika sana." Unajua baba yako alijibu nini? Alimshika mikono yote miwili akasema, "Asante kwa kunihangaikia mtoto." Mama yako alikuwa karibu, akatazama chini.

Kila siku namwona baba yako akimshukuru mdogo wake. Anamtengea nyama. Anamwita nguzo ya nyumba.

Kesho wanamaliza matanga. Nimesharekebisha daftari: Bonde tisa, Theluji nne, na sahihi yangu chini. Waziri Mkuu ni wewe. Kwaheri, rafiki yangu. Nakuahidi baba yako atajua, kwa mdomo wangu. Kama mdomo utakataa, nitampa barua hii.

Jumamosi jioni. Naongeza.

Mzee wa ukoo aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya nyasi za msiba, tulizokalia siku zote za matanga, kuondolewa ndani. Nikasimama. Shangazi yako wa Muleba akasema, "Makubwa! Kumbe huyu naye ana sauti?" Watu wakacheka. Nikasema, "Jovitha aliugua kuanzia Jumatatu. Aliomba hospitali. Mama yake na bibi yake waliomba pia. Walikataliwa mpaka Ijumaa. Mimi nilisikia nikanyamaza."

Baba yako mdogo akainuka. "Kaa chini, binti. Haya ni mambo ya ukoo."

"Mwacheni," bibi yako akasema. "Mtoto hajasema uongo."

Baba yako akamgeukia mama yako. "Mama Jovitha, ni kweli?"

"Ni kweli."

Hakupiga kelele. Aliinuka kwenye kiti alichokuwa amekaa kando ya mdogo wake, akaja kukaa chini, kwenye nyasi, upande wa wanawake. Akaniambia, "Anza tena, mwanangu. Anza Jumatatu."

Nikakaa kando yake. Nikamweleza kila nilichokiona na kila ulichoniambia, na alipouliza swali nilijibu kwa sauti.