Jina la Aliyeingia Msituni

Kensington,
Johannesburg,
14 Desemba 2025

Mpendwa Cucu Gathoni,

Pokea salamu kutoka nyumba yenye kelele nyingi siku hizi. Goti lako linaendeleaje? Umepata wa kukusaidia kuchuma chai? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Samahani kwa kukuandikia Kiswahili. Kikuyu changu ni cha kusikia tu, na Shangazi Shiko ameahidi kukusomea polepole.

Nimemaliza shule. Mtihani wa mwisho ulikwisha mwezi uliopita, na sasa nangoja matokeo huku nikimsaidia Mama kulea mtoto.

Mtoto ni mzima, na sauti yake inatushinda sisi sote. Lakini ametimiza mwezi na bado hana jina. Mama Jeannine, jirani yetu Mkongomani anayeshona nguo, anatucheka: "Mutoto wa mwezi muzima, munamuita tu 'eh, weye'? Hata imbwa ya hapa iko na jina." Kaka zangu wanamwita Bosi. Baba hacheki.

Sababu unaijua. Kaka zangu wawili wamebeba majina ya babu zao. Huyu wa tatu Baba anataka awe Gachanja, kama kaka yenu, wewe na marehemu ndugu yako Guka, aliyemzaa Baba.

Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo, kwa hiyo naandika kama Baba alivyonieleza ili unisahihishe. Kwamba Gachanja aliingia msitu wa Nyandarua kupigania mashamba yaliyochukuliwa na masetla. Kwamba baba yenu alikuwa ngati, akilinda handaki la kijiji kwa niaba ya serikali ya kikoloni, na ndiye aliyewaonyesha askari njia ambayo mwanawe alipita kuja kuchukua chakula. Gachanja hakuonekana tena. Baba yenu akakataza jina lake lisitajwe, na uhuru ulipokuja hakuna aliyelirudisha.

Shuleni Kenya ilipewa nusu ukurasa: walowezi, uasi, hali ya hatari, mazungumzo ya katiba kule London, serikali ya madaraka, halafu uhuru. Mwalimu alipita haraka. Nilitaka kunyoosha mkono niseme kwamba kuna mtu wetu hapo, kati ya uasi na mazungumzo. Unanijua nilivyo. Sikuunyoosha.

Keshokutwa hapa ni sikukuu ya maridhiano. Watu watapumzika na kuchoma nyama. Mimi nafikiria maneno yako kwenye mazishi ya Guka mwaka jana, Baba alipokuuliza kuhusu jina hilo. Ulisema, "Nyumba iliyomfungia mlango itamwitaje arudi?" Tangu siku hiyo Baba hawezi kuuliza tena. Huwa anakupigia simu, anauliza ng'ombe, anauliza mvua, halafu anakata.

Basi nauliza mimi. Sikuombi umsamehe baba yako. Hilo ni lako peke yako. Naomba tu Gachanja apate mtu wa kuitika jina lake.

Ubatizo ni Jumapili ya pili ya Januari. Ukikataa, tutatafuta jina lingine na hakuna atakayekulaumu. Nimeongea na Baba, naye amekubali.

Nisalimie Shangazi Shiko, na Eugene mwanawe, na Mama Kathambi wa ng'ambo ya mto aliyenipa maziwa ya moto siku ya mazishi. Mama na kaka zangu wanakusalimu sana.

Jibu lako usimpe Baba, wala mimi, maana kwenye simu mimi hunyamaza. Siku ya Krismasi tutakupigia, nami nitaiweka simu kwenye sikio la mtoto. Ukimwita mjukuu tu, tutaelewa. Ukimwita kwa jina la kaka yako, utakuwa wa kwanza kumwita.

Mungu akuhifadhi, akupe usingizi mwema na miguu isiyouma.

Mjukuu wako anayekupenda siku zote,
Nyambura