Picha ya Mzee Kando ya Bibi Harusi

Kitale, Jumapili

Mpenzi wangu Mama Nekesa,

Mko aje huko nyumbani? Kifua cha mama kimetulia, ama bado anakohoa alfajiri? Nekesa ameota tena meno ya mbele yaliyong'oka? Niandikie yote, hata ya kuku. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo.

Watu husema Kitale na Bungoma ni jirani. Mimi tangu tupande mahindi sijauona mlango wetu.

Mgongo ulipokataa magunia, Mama Shiru mwenye studio ya video za harusi alinichukua nimbebee taa zake. Halafu fundi wake wa kompyuta akahamia Eldoret. Mama Shiru akaniambia, "Wafula, keti hapo."

"Mama, mimi niliachia darasa la sita."

"Si macho unayo?"

Kazi yenyewe ni hivi. Una picha iliyosimama, unataka itembee. Unaweka alama pale inapoanzia, unasogea mbele kidogo, unaweka nyingine pale inapofikia. Mama Shiru huziita kifremu. Njia ya katikati kompyuta inaitembeza yenyewe. Mara ya kwanza nilikosea, keki ya harusi ikapaa ikatokea juu ya kioo. Mama Shiru alicheka mpaka akashika meza. "Ati keki imeokoka, imeenda mbinguni!"

Kisha akanipa harusi ya watu wa Naitiri, huko kwetu Bungoma, nifanye peke yangu. "Wakiikubali, kiti ni chako. Wakiikataa, utarudi kwa magunia."

Baba ya bwana harusi alikufa zamani, imebaki picha yake. Familia ilitaka naye aonekane kwa harusi. Nikamwanzisha mlangoni mwa kanisa, umbo likiwa dogo, akaja polepole akiongezeka, akasimama kando ya bibi harusi, shavu karibu na bega lake. Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Mama Shiru alipoona alipangusa machozi.

Wenyewe wakaja kuangalia, mama ya bwana harusi pamoja na shemeji yake. Mzee alipoanza kutembea, mama alitabasamu. Alipofika, shemeji aliruka kutoka kwa kiti.

"Simamisha hiyo kitu! Huyo ni bibi ya mtoto wake, bana! Unamwegemeza mzee kwa bega lake?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Lakini si ni picha tu?" Mama Shiru akauliza. Kwao hawana mwiko wa mkwe kukaribiana na bibi ya mtoto wake.

"Picha ya nani?" Shemeji akanigeukia. "Na wewe, kwenu ni wapi?"

"Bungoma."

"Wa Bungoma, na hujui?"

Nilijua, mke wangu. Wewe mwenyewe hujawahi kumpa baba yangu mkono, na akiingia mbele unatokea nyuma. Lakini nilikuwa natafuta nafasi tu, nikasahau ni watu.

Nikawaomba wakae. Nikafuta ile alama ya mwisho, nikamhamishia mzee upande wa wanaume, nyuma ya mtoto wake, mbali na bibi harusi. Nikaicheza tena.

Mama akashusha leso. "Hapo. Hapo ndipo angesimama."

"Sasa huyo ni ndugu yangu," shemeji akasema. "Kila harusi alisimama hivyo, kama mtu anangojea chai ichelewe alalamike."

Wakaichukua. Kiti ni changu.

Sasa lile lililo gumu kukuandikia. Harusi zote za huku ni Disemba, na Mama Shiru ameshakubali za kila wiki. Krismasi sitakuja. Nikiondoka atakaa mwingine, na gunia siwezi tena. Najua niliwaahidi watoto. Hapa nashinda nasikiliza vigelegele vya watu nisiowajua, mpaka najua sauti za shangazi zao, na ya Nekesa imeanza kunipotea.

Usimdanganye kwamba niko njiani. Mwambie ukweli, alie, amalize.

Nisalimie baba na mama, dada yangu mkubwa, na yule jirani anayekuchotea maji ukiugua. Anayeleta barua hii anarudi Alhamisi. Mpe jibu, hata likiwa la hasira.

Ni mimi mume wako, mwenye kiti Kitale,
Wafula