Siku Baba Alipoondoka na Chupa ya Shabli

Kiwanjani,
Isiolo.
14 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Nakaale,

Habari ya huko Winnipeg? Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na lile goti lililokutesa wakati wa baridi liwe limepoa. Bado unafanya zamu mbili pale kwenye nyumba ya wazee? Usijichoshe sana. Huku sisi ni wazima wa mwili. Mvua hatujaiona tangu Mei na upepo unatulisha vumbi mchana kutwa. Mama anaendelea na mboga zake sokoni, na mwezi uliopita akina mama wa kanisani walimchagua tena awaongoze.

Baba hajambo. Najua hilo hutaliamini, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Mama alikupigia simu tarehe ishirini na mbili Agosti akilia, akakuambia kaka yako amerudia pombe na ameondoka na chupa. Ulichomjibu nakijua pia, maana alinionyesha ujumbe wako: kwamba siku hiyo ulijua itakuja, na jina lake usitajiwe tena. Shangazi, Mama alikuambia alichokijua mpaka saa ile. Yaliyofuata hakukupigia kukueleza, nadhani kwa aibu. Mimi nilikuwako, na kosa lilianza na mimi.

Unajua nahudumu mezani katika hoteli ya kitalii upande wa Leparua, na huu ni mwaka wa nne. Mwezi wa tatu msimamizi wangu, Gacheri, aliniita akaniambia mhudumu wa waini anaondoka, na nafasi yake nitapewa nikipita mtihani Nairobi. Kwa mtihani huo mtu huchagua eneo moja la Ufaransa na kulisoma mpaka alijue: zabibu zake, udongo wake, na namna waini zake zinavyotofautiana. Nilichagua Chablis. Wenyewe hutamka Shabli. Nilidhani nimejichagulia jambo rahisi kwa sababu zabibu wanayopanda huko ni aina moja tu, Chardonnay.

Haikuwa rahisi. Zabibu ni ile ile, lakini waini zake hazifanani. Miteremko iliyo bora ina udongo wa chokaa na mfinyanzi uliojaa magamba madogo ya chaza, maana hapo zamani palikuwa bahari. Juu kwenye uwanda chokaa ni ngumu zaidi na waini yake ni nyepesi. Upande mmoja wa mlima, unaolitazama jua la alasiri, ndio unaotoa ile ya thamani, inayoweza kukaa miaka na miaka. Zote ni kavu, zinauma ulimi kama ndimu, na ukizinusa vizuri unapata kama jiwe lililonyeshewa. Maneno hayo niliyasoma wiki nzima bila kuyaelewa, mpaka nilipokwenda Rapsu kuwasaidia watu wa mjomba kuvuna vitunguu. Mjomba alinionyesha mashamba mawili, hatua kumi kati yake, mbegu moja, maji ya mfereji mmoja. Vitunguu vyake ungedhani si ndugu. Nikachukua udongo wa huku na wa kule nikaufikicha mkononi, nikasema kumbe ni hiki tu wanachoeleza.

Sasa, nyumbani nilisema nini? Nilisema hoteli inanisomesha kilimo cha Ufaransa. Ningesema waini vipi katika nyumba ile, Shangazi? Ni miaka kumi na mmoja tangu Baba alale kwenye kile kilabu cha pombe haramu akaamka haoni, na wale wawili waliokunywa naye hawakuamka kabisa. Tangu hapo Mama hata siki ya kachumbari hataki kuiona.

Kibaya zaidi, Baba aliyapenda masomo yangu. Nilikuwa nasoma kwa sauti jioni na yeye ananisikiliza. Siku moja aliniuliza, baridi kali ikija wakati macho ya mzabibu, yale machipukizi, yamefunguka, wenye shamba hufanya nini? Nikamwambia huwasha mioto midogo katikati ya mistari na kukesha nayo, au huinyunyizia miti maji ili barafu yenyewe iyafunike macho yale yasife. Alifurahi sana. Kesho yake alimsimulia Mzee Hersi, yule rafiki yake Msomali waliyekuwa wakiuza mbuzi pamoja kabla macho hayajaharibika. Ukweli ni kwamba niliona raha kumfurahisha, na kila jioni uongo ukazidi kuwa mzito.

Wiki ya kabla ya mtihani nilipewa likizo. Gacheri akanipa chupa moja ya Shabli niendelee kuzoeza pua. Niliivingirisha kwenye gunia lililoloa ipate ubaridi, nikaificha nyuma ya mitungi ya maji. Asubuhi Mama akishatoka, na Baba akiwa nje anaota jua, nilikuwa naonja tone, natema kwenye mkebe, naandika, nauosha mkebe na kukishindilia kizibo tena. Nilifanya hivyo siku mbili. Ya tatu ikawa Alhamisi, hoteli wakaniita nishike zamu ya mtu mgonjwa.

Nilirudi saa kumi jioni. Mlango ulikuwa wazi. Fimbo ya Baba haikuwepo. Mtungi mmoja ulikuwa umeangushwa na sakafu imelowa, na gunia halikuwa mahali pake. Bila shaka alikuwa akipapasa kutafuta maji ya kunywa, mkono ukaangukia chupa. Nilipoinama nikaona lile bati laini la shingo ya chupa, nililokuwa nikilirudishia juu ya kizibo, limechanwa vipande vipande.

Nilikimbia mpaka sokoni kwa Mama. Njiani nilitunga maneno, na nilipofika nikasema tu kwamba Baba ameondoka na chupa ya waini. Hakuniuliza chupa imetoka wapi. Alifunika mboga kwa gunia akaanza kutembea.

Tulimtafuta kando ya barabara kuu, malori ya Moyale yanapita, na kila lori likipiga honi Mama alikuwa anasimama na kushika kifua. Ni hapo alipokupigia. Bado mnaongea nikamwona Abdirahim, kijana wa bodaboda anayembeba Baba siku za soko. Akasema alimbeba saa saba akamshusha soko la mifugo. Nikamuuliza alikuwa na hali gani. Akasema hali yake haikuwa mbaya, ila alikuwa kimya, amekumbatia kitu kwa gunia kama mtu amebeba mtoto.

Siku hiyo haikuwa ya mnada, na Abdirahim alijua kama tulivyojua sisi kuna nini nyuma ya soko hilo. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye vilabu. Miaka kumi na mmoja hajakanyaga huko. Aliingia kimoja baada ya kingine na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akiangalia nyuso za waliolala. Mimi nilibaki mlangoni nikiogopa atakachokipata. Alipotoka cha mwisho alitikisa kichwa: Baba hakuwemo.

Ndipo nikasikia mtu akitaja herufi, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilikuwa sauti ya Mzee Hersi, kwenye kile kibanda chake cha chai. Alikuwa amevaa miwani, ameiweka chupa mbali na uso wake, na Baba amekaa naye kwenye benchi.

"C, H, A, B, L, I, S," Hersi akasoma.

"Hiyo ni Shabli," Baba akasema. "Ni mahali. Ndiko wanawasha moto shambani baridi ikija."

"Mahali gani inawekwa kwa chupa?" Hersi akauliza.

Kizibo kilikuwa kimetoka. Mama alikiona kabla yangu, kiko mezani kando ya kikombe. Akasema, bila kupaza sauti, "Umekunywa."

Baba aligeuza uso upande wa sauti yake. Akauliza, "Lorna yuko?"

"Niko, Baba."

"Kuja uninuse mdomo."

Unakumbuka Mama alivyokuwa akimsimamisha mlangoni kila jioni, miaka ile, anuse mdomo wake kabla hajamruhusu kuingia? Na Baba alivyokuwa akikwepesha uso? Sasa aliuinua mwenyewe, mbele ya rafiki yake, mbele ya wateja wa chai, akafungua mdomo na kungoja. Niliinama. Shangazi, miezi mitano nilikuwa nimefundisha pua yangu kutafuta harufu ile moja. Nilinusa mara mbili. Nilipata tangawizi, maziwa, na tumbaku yake.

"Ni chai tu," nikasema.

Mama alikaa chini, hapo hapo vumbini.

Ikabidi niseme yote: kazi, mtihani, chupa ni ya nani. Mama aliniuliza kama ninakunywa. Nikamwambia naonja, natema. Akanijibu, "Baba yako pia alianza kwa kuonja." Baba aliniomba niimwage. Niliimwaga nyuma ya kibanda, na Mzee Hersi akaifukia kwa mchanga kwa ncha ya kiatu. Hakunikaripia. Alituletea chai, tukanywa.

Nairobi nilikwenda Jumanne iliyofuata bila kuonja tena kitu. Mama hakuniaga. Walinipa glasi tatu, niseme ipi ni ya Shabli na imetoka udongo gani. Ya Shabli niliipata. Ya pili nilikosea kabisa. Matokeo yalitoka Jumanne wiki hii: nimepita, si kwa alama za kujivunia, na kazi nimepewa. Mama alisikia akaendelea kuchambua mboga. Baadaye akasema kitu kimoja tu, kwamba chupa isivuke tena mlango wake, hata iliyo tupu. Nimeahidi.

Lakini kuna jambo moja ambalo Mama halijui. Jana, yeye akiwa kwa akina mama wenzake, Baba aliniita nikae karibu. Akaniambia hakwenda kwa Hersi kusomewa chupa. Alikuwa amekaa nayo mapajani tangu asubuhi. Kizibo alikitoa kwa msumari na meno. Aliinusa, na mwili wote ukaitaka, kama vile haijapita hata siku moja. Mkono ukainuka. Akauteremsha. Ukainuka tena. Mwishowe akatoka akamwita mtu wa bodaboda, na walipopita vile vilabu, ambavyo anavijua kwa kelele zake, akamwambia asisimame.

"Hersi ndiye mtu mmoja siwezi kunywa mbele yake," akaniambia. "Sikwenda kusomewa, Lorna. Nilikwenda ili nishikwe mkono."

Aliniomba nisimwambie Mama, na sitamwambia. Wewe hakukutaja. Kwa hivyo nakuandikia. Kosa lake ninyi mlilijua wote, na mlikuwa na haki ya kukasirika. Siku aliyoshinda niliijua mimi peke yangu, na nimeona si haki ibaki kwangu. Namba yake ni ile ile ya zamani. Simu yenyewe ni ya vibonye, huiweka mfuko wa shati, na huipokea mwenyewe. Huwezi kumwandikia ujumbe kwa sababu hataki kusomewa na mtu. Itabidi ayasikie maneno yako kwa sauti yako mwenyewe.

Mama anakusalimu. Mjomba wa Rapsu anakusalimu pia na anauliza kama huko vitunguu vinaota. Mzee Hersi anasema salaam aleikum, na kwamba mbuzi wako aliokutunzia zamani wamepata wajukuu. Wasalimie mwanao Ekeno na mkewe, na umbusu mtoto wao. Mungu akulinde barabarani kwenye theluji na akupe moyo mwepesi.

Ni mimi binti ya kaka yako, anayekupenda,
Lorna