Kingamwili Iliyong'aa Kupita Kiasi

12 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia bila hodi.

Umeuliza kazi yangu hasa ni nini, maana majirani wakikubana unababaika. Haya. Penye ugonjwa mwilini hutoka kemikali za kuita msaada. Seli za ulinzi huusikia mwito huo kwa kitu kidogo kilicho juu yake, tunakiita kipokezi. Vipokezi viko vya namna nyingi, mimi natafuta kimoja tu. Kwa macho hakionekani, kwa hiyo natumia kingamwili, yaani protini inayokishika, tuliyoitia rangi ya kung'aa. Seli zinapita kwenye mashine moja moja. Inayong'aa, ndiyo yenyewe.

Kwenye damu ya wagonjwa wa mapafu zimeng'aa kwa wingi mno! Bosi anatembea huku anapiga mluzi, na makala tunaiandaa.

Ila si dawa, Baba. Ni ya kutafutia tu, tena kwenye utafiti. Usije ukawaambia watu natengeneza dawa.

Kifungua mimba wako

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanitii siku moja, siku ya pili unagoma.

Onyo lako limechelewa. Nilishasema. Sasa kinyozi ananifuata na goti lake kila nikifungua karakana. Nimemwambia dawa bado iko jikoni.

Nina neno lingine. Tangu mama yako atutoke, nyumbani jioni nasikia sauti ya kijiko changu tu. Mwaka jana yule mshonaji wa mtaa wa nyuma aliniagiza meza ya kukatia vitambaa. Nikampelekea. Baada ya muda akaja: mguu mmoja unacheza. Nikaenda, nikautikisa, haukucheza. Mwezi uliofuata ukacheza tena. Nikanywa chai, nikaukaza mguu ambao tayari umekaza. Basi mwanangu, mficha uchi hazai: tunataka kuoana mwezi wa nne.

Nilimwambia, "Sifungi ndoa kabla sijasikia neno la mwanangu." Naye akasema, "Wala mimi siingii nyumba ambayo mtoto wake hajanikaribisha."

Niambie kilicho moyoni.

Baba yako

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Unakula? Barua yako sijaiona. Nikipiga simu unasema, "Nitakuandikia, Baba, niko kazini," na sauti yako si ile.

Nimeelewa. Kimya nacho ni jibu. Nimemwambia Mshonaji jambo letu tuliweke kando. Hakubishana. Aliokota pini zake moja moja, akasema, "Mtoto ni mtoto. Usimkasirikie."

Wala sijakukasirikia. Niandikie japo mistari miwili ya afya yako.

Baba yako

8 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na uniwie radhi. Kimya changu hakikuwa jibu.

Barua yako ya harusi ilinikuta nimeshika kichwa. Tulibakiza picha moja ya makala. Ili ipendeze, nikaipitisha kingamwili yetu kwenye seli zisizo na kile kipokezi kabisa. Nilitarajia giza. Ziling'aa, Baba. Ziling'aa kama zile za wagonjwa! Nikarudia, yale yale. Kumbe kingamwili ile inashika kila inachokutana nacho. Kazi yangu yote ilikuwa imesimama juu yake.

Nikaenda kwa Bosi. "Matokeo yetu si ya kweli," nikamwambia.

Akavua miwani. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Unajua makala inatumwa Ijumaa?"

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Alinionyesha mlango kwa kidole. Makala haikutumwa, lakini miezi miwili alinipita kama kabati. Nikajua nafukuzwa. Nilishindwa kukuandikia: nikisema mzima nakudanganya, nikisema ukweli nakuharibia harusi. Hatimaye akaja, akaweka kichupa kipya mezani pangu. Ni kingamwili monokloni, maana yake zote zimetoka kwenye uzao wa seli moja, na zote zinashika mahali pamoja tu. "Anza upya," akasema. "Na safari hii, jaribu seli zisizo na kipokezi kwanza."

Basi naanza upya. Sijui nitakuta nini.

Kuhusu Mshonaji: nilimlilia mama kidogo, sikufichi. Halafu nikasoma tena habari za ule mguu wa meza, nikacheka hadi mwenzangu wa chumba akaja kuniangalia. Mwambie karibu nyumbani. Nenda kwake sasa hivi, usingoje hata kuikunja barua hii.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu jasiri,

Nilikwenda na ndala, aproni ya karakana na vumbi la mbao kichwani. Nilimkuta anampima mteja. Nikamwambia, "Soma mwenyewe." Alisoma, alipofika kwenye habari za meza akajifunika uso kwa kitambaa cha watu. Mteja akauliza kama kuna msiba. "Hapana," nikasema, "kuna harusi."

Lakini hatufungi bila wewe. Tutangoja hata mwaka. Yeye anauliza vipimo vyako, anataka kukushonea gauni. Mimi nauliza seli: zimesemaje?

Na huyo bosi akikufukuza, uje. Msasa ninao wa kutosha.

Baba yako

19 Julai

Wazazi wangu,

Shikamooni. Mimi mzima, na leo baridi siisikii.

Seli zisizo na kipokezi zimebaki giza totoro. Zilizo nacho zimeng'aa. Nimerudia, na mwenzangu wa maabara akarudia bila mimi kuwepo, ikawa vile vile. Kwa wagonjwa si ule wingi tuliouimba. Ni kikundi kidogo cha seli, tena kwenye mapafu yenyewe, si kwenye damu. Lakini kipo. Bosi alikodolea macho skrini, kisha akasema, "Kidogo, ila cha kweli," akaenda kunichemshia kahawa kwa mkono wake. Ilikuwa chungu. Nikaimaliza.

Makala tunaiandika upya, na likizo nimepewa. Ninafika mwezi ujao, tarehe tano, asubuhi.

Baba, mwambie Mama asikate kitambaa kabla sijafika. Nimenenepa, na kwenye picha nilizowatumia nilikuwa nimebana pumzi.

Mwana wenu