Nimepungua Mimi, Wanabanwa Wateja

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimejificha nyuma ya cherehani yangu, mlango wa duka nimeurudishia ili watu wadhani nimetoka kidogo, kwa sababu nikimwona mama yeyote anakuja na mfuko wa nguo mkononi moyo unanilipuka, na mimi ni fundi, Shangazi, nikianza kuwakimbia watu wenye mifuko ya nguo nitakula nini?

Mimi ni mama wa makamo, watoto wameshakua na wanajitegemea, nashona nguo za kike, hasa za akina mama wenye miili, maana mwenyewe nilikuwa mama mwenye mwili, tena si mwili wa kubahatisha, mwili uliokamilika. Wateja wangu wananipenda kwa jambo moja: kwangu hakuna kupimwa. Unajua mafundi wengine walivyo, anakuzungushia tepu kiunoni, tepu inamwishia njiani, anamwita mwenzake aje kushika upande wa pili, na huku anazitaja namba kwa sauti mpaka wapita njia wanageuka. Mimi sina mambo hayo. Nakuangalia mara moja, naona wewe na mimi tumepishana wapi, nakata kitambaa, naunganisha kwa mkono, najivalisha mwenyewe mbele ya kioo, nikiona kwangu limekaa vizuri naongeza kidogo kifuani au napunguza kidogo kwenye nyonga, nashona, unakuja kuchukua gauni lako na linakukaa kama ulizaliwa nalo. Tepu naivaa shingoni kama mkufu, kwa heshima ya kazi tu.

Sasa mwaka jana magoti yakanigomea. Duka langu liko ghorofani, nilikuwa nikimaliza ngazi nakaa kwenye kiti cha wateja nahema mpaka mteja ananipepea, nikaenda kwa daktari, daktari akasema, "Mama, punguza mwili, lakini taratibu, usije ukaacha kula ukaniangukia hapa." Nikamsikiliza. Sikumtangazia mtu, kwa sababu huko nyuma nimeshatangaza mara nyingi na kila nilipotangaza nilinenepa. Nikahamia tu kwenye sahani ndogo waliyokuwa wanalia chakula watoto, nikaacha sukari kwenye chai, nikawa natembea kwenda dukani badala ya kupanda gari, basi, sina kingine nilichofanya. Miezi ikapita. Mume wangu hakugundua kitu, tena yeye nilichokuwa nabakiza kwenye sufuria ndicho alichokuwa anamalizia, sasa hivi anayehema kwenye ngazi ni yeye. Hata mimi mwenyewe sikugundua, maana dukani nashinda ndani ya koti langu la kazi, pana kama pazia, nyumbani nashinda ndani ya magauni yasiyo na kiuno, na nikijivalisha mbele ya kioo macho yangu yako kwenye gauni la mteja, si kwangu. Nilichokijua ni kwamba magoti yameacha kulalamika, nikamshukuru Mungu nikaendelea na kazi.

Wa kwanza kubanwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja wangu wa siku nyingi. Aliingia nyuma ya pazia kujaribu gauni lake jipya, nikasikia kimya, nikasikia mtu anavuta pumzi, nikasikia kimya tena. Akatoka zipu imeishia katikati ya mgongo, macho yamemlowa, yule mama ambaye walimu wenzake wanamwogopa, akaniambia, "Fundi, nisamehe, nimekuharibia kazi yako. Nimenenepa." Na mimi, badala ya kujiuliza, nikamwambia, "Usijali mwalimu, ni umri huo, sote tunao." Akaondoka kichwa chini. Haikupita siku nyingi akaja mama wa duka la dawa, akabanwa mikono. Akafuata jirani yangu wa nyumbani, huyo akabanwa kila mahali. Kila mmoja ananiomba radhi, kila mmoja namfariji kwa umri, na moyoni najisemea, jamani, akina mama wa mtaa huu siku hizi wanakula nini?

Sasa nifike kwa wifi yangu, maana huko ndiko kunakoninyima usingizi. Wifi ni dada wa mume wangu, lakini ni zaidi ya wifi, ni rafiki yangu wa ndani kabisa. Katika ukoo ule wa watu wembamba sisi wawili tulipachikwa jina la Makochi, wala hatukukasirika, tukikaa tunakaa pamoja na wakitaka kutucheka wanakuta sisi tumeshaanza kucheka. Binti yake anaolewa karibuni, akaniletea satini ya zambarau, akaniambia, "Wifi, nishonee gauni ambalo watu wakiniona wamsahau bibi harusi." Nikakata, nikajivalisha, likanikaa safi. Alipolivaa yeye likafika kwenye nyonga likagoma. Nikamwambia niachie nilirekebishe, nikajivalisha tena, nikaona mbona liko sawa, nikalipiga pasi nikamrudishia. Shangazi, likagoma palepale! Akakaa kwenye kiti na gauni limemkwama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mimi ndiyo basi tena. Nimekuwa tangi." Tangu hapo hali chakula. Asubuhi maji ya moto na limau, mchana tango, jioni anakaa mezani anawatazama wenzake wanavyotafuna.

Hapo ndipo akili ikanijia. Nilivua koti la kazi, nikaitoa tepu shingoni, nikajizungushia kiunoni, ikanizunguka yote na ncha ikabaki inaning'inia. Na tepu hiyo, Shangazi, miaka yote ilikuwa hainitoshi! Nikakaa chini. Kumbe hakuna aliyenenepa. Niliyepungua ni mimi, na magauni ya mtaa mzima yanapungua pamoja na mimi.

Kweli nilifurahi, siwezi kukudanganya, nilijigeuza mbele ya kioo mara kadhaa. Kisha nikamkumbuka wifi, furaha ikaniisha, nikafanya ujanja. Nikamwambia alete gauni nilitie vifungo, nikalipanua pembeni kimyakimya, maana huwa naacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Akalivaa, likaingia. Ungemwona! Aliruka kama mtoto, akanikumbatia, akasema, "Wifi, njaa inalipa! Sasa siachi. Siku ya harusi nataka linipwaye!" Hata tango amelipunguza. Juzi alikuja kunitembelea akaishia katikati ya ngazi, nikashuka nikamkuta ameketi, mikono inatetemeka, midomo imemkauka, ananiambia, "Usinishangae, ni kizunguzungu cha warembo hiki." Nikacheka naye, halafu nikaenda nyuma ya pazia nikalia.

Kumwambia naogopa, maana alishaniambia zamani, "Sisi Makochi tutazeeka pamoja, atakayepungua msaliti," alikuwa anatania lakini utani wa mawifi unaujua wewe. Na nikisema kwa wifi itabidi niseme kwa mwalimu mkuu na wenzake, watajua niliwaacha walie kwa kosa langu, na nikiwatolea tepu watanikimbia kama walivyowakimbia mafundi wengine, na mwili wa kuwashonea sina tena. Kwa hiyo nimewaza nirudi nilikotoka. Ninenepe tena, magauni yakae sawa kama zamani, wifi akinikuta na mimi nimejaa ataona hakuna haja ya kujitesa. Nimeanza kurudisha sukari kwenye chai ila imenishinda, naiona kama dawa ya kikohozi. Je, nijilazimishe? Nishauri upesi, wifi yangu asije akaanguka mbele ya wageni.

Ni mimi, Fundi Asiyepima

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba. Fungua mlango wa duka kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Nimecheka, sikufichi. Mhariri ameinuka kwenye meza yake kuja kuuliza kuna nini. Lakini nilipofika kwenye ngazi, wifi yako ameketi anatetemeka, kicheko kimenikatika, na wewe ungekatisha chako siku ileile badala ya kwenda kulia nyuma ya pazia. Pazia halijawahi kumshibisha mtu.

Hilo la kunenepa tena silijadili. Hapana, na ukiniandikia mara ya pili jibu ni hapana. Umefanya jambo ambalo wengi wetu tunalianza kila Jumatatu na kuliacha Jumanne jioni. Umepungua polepole kama daktari alivyokwambia, bila kujitesa, bila kumkera mtu nyumbani, na magoti yako yamekurudia. Hongera, mwanamke mwenzangu, na nasema kwa moyo mweupe ingawa kawivu kapo. Sukari iache hukohuko. Huyo mumeo naye mnunulie sahani ndogo, atanung'unika, mwache anung'unike.

Sasa nikuseme. Wanawake watatu wamesimama mbele yako mmoja baada ya mwingine wanakuomba msamaha kwa sababu wewe umewashonea vibaya, na hukushtuka? Fundi wa redio akiletewa redio za mtaa mzima na zote haziongei, ataangalia umeme wa hapo kwake. Wewe ukaangalia sahani za watu! Eti umri. Yule mwalimu mkuu ameingia kwenye mkutano wa walimu anavuta sketi ya zamani ishuke kwa sababu yako, na usiku amejiona mzee kwa sababu yako. Hukukusudia, najua. Lakini tangu ulipojizungushia ile tepu umeshajua, na kila siku unayonyamaza ni ya kukusudia.

Kwa hiyo utawafuata, wote watatu, mmoja mmoja. Utawaambia maneno haya bila kuzungukazunguka: gauni lilibana kwa kosa langu, wewe hujanenepa, lilete nilipanue. Watakushangaa, watakutazama juu mpaka chini, watataka kujua umepunguaje. Waambie. Nakuhakikishia hakuna mama atakayemkimbia fundi aliyemletea habari kwamba hajanenepa. Atakukumbatia, pengine atakuagiza gauni la pili hapohapo.

Na tepu uanze kuitumia leo. Akina mama hawaiogopi tepu, wanaogopa mdomo wa aliyeishika. Vuta pazia, mpime, andika unachokiona, nyamaza. Akikuuliza namba mwambie zinamhusu fundi. Kama huwezi kukata nguo bila mwili wa kuivalisha, tafuta sanamu ya kushonea, uizungushie mabaki ya vitambaa mpaka ifanane na mteja wako. Itasimama kwenye kona ya duka na haitapungua kamwe, hata ukiinyima chakula.

Sasa wifi yako. Huyu hangoji kesho. Ule ujanja wako wa kupanua gauni kimyakimya ulikuwa wa upendo, na umemtia njaa zaidi. Kwa sasa mama wa watu anaamini kwamba kuyumba kwenye ngazi ndiko kunakompendeza. Harusi inakuja na binti yake anamhitaji mama aliyesimama kwa miguu yake kwenye picha, si mama aliyeegemezwa ukutani na satini yake.

Pika chakula cha kawaida, kile mnachokula siku zote mkiwa wawili. Nenda nacho kwake. Ukifika, vua hilo koti la kazi akuone. Mpe tepu mkononi, yeye ndiye akupime wewe, kwa macho yake, ili usiwe na pa kutia maneno mengine. Kisha mweleze kuanzia gauni la kwanza, na usiruke ile sehemu ya kupanua. Kama kizunguzungu kinaendelea baada ya kula, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na kama naye anataka kupungua kwa ajili ya magoti yake, aende kwa yule daktari wako mwenye subira, mtembee pamoja kwenda dukani. Makochi hayavunji urafiki kwa kupungua, yanavunja kwa kufichana.

Atakasirika, jiandae. Atakuita msaliti, atakukumbusha mambo ya tangu ulipoolewa, atampigia simu kaka yake aje kusikia mke wake alichofanya. Wewe usijitetee hata kidogo. Kazi yako ni kumsogezea sahani. Katikati ya kufoka atachota kijiko bila kujua, atatafuna huku anakusema, atachota kingine. Msamaha usimwombe bado. Subiri mpaka sahani iwe tupu, kwa sababu kukusamehe wewe, fundi, kunahitaji mtu aliyeshiba.