Ruhusa Haimo Kwenye Mchoro

3 Februari

Kaka, shikamoo.

Hujambo, na wifi hajambo? Sisi wazima. Pilipili ameota jino la tatu na analijaribia begani kwangu.

Kaka, nimechoka kujibu maswali. Tangu Desemba unaniuliza kuhusu kituo chetu cha kulelea watoto: kuna nini, kuna nani, nani anamleta nani. Nimekujibu yote, hata rangi za mabegi. Ukatuletea mchoro wa visanduku: Mtoto, Mzazi, Mlezi, Lango. Mkuu wa kituo ameubandika ukutani. Kila asubuhi anautazama, halafu ananitazama mimi. "Ndugu yako anachora vizuri. Sasa tutabonyeza wapi?"

Mimi ndiye niliyekusifia kwake. Amesema mwisho wa Machi programu unayotuandikia ya kukagua wanaochukua watoto isipofanya kazi, anaweka mtu mwingine langoni badala yangu. Nikitoka mimi, na Pilipili anatoka, maana nafasi yake hapa ni ya mtoto wa mfanyakazi. Nitamwacha na nani?

Mdogo wako,
Mama Pilipili

11 Februari

Marahaba, mdogo wangu.

Huku tuko salama. Wifi yako anacheka hilo jino.

Mchoro ule ni uchambuzi: unasema kuna nini. Sasa naingia kwenye usanifu: kila kitu nikipe kazi yake, na kijulikane kitamuuliza nani. Kujua kuna sufuria, maji na moto bado si kupika. Hapo nimekwama. Uliniambia mtoto huchukuliwa na mtu anayeruhusiwa. Ni nani hasa anayejua kwamba anaruhusiwa? Mtoto? Mzazi? Lango?

Kaka yako

15 Februari

Kaka, shikamoo. Sisi hatujambo, ila uvumilivu wangu unaumwa.

Swali lile lile umelivalisha koti! Ninayejua ni mimi. Lango ni vyuma tu. Saa kumi mtu anakuja, namtazama, namjua, basi. Au unataka nikufundishe kujua watu kwa barua? Iandike hiyo programu, nakuomba. Siku zinakwenda.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu, hamjambo?

Samahani kwa kimya cha mwezi mzima. Nimemaliza, naituma. Kila mtoto anawekewa baba na mama. Lango linamuuliza Mtoto, Mtoto anawataja wazazi wake. Safi kabisa.

Kaka yako

20 Machi

Kaka,

Leo sikuulizi hali, utanisamehe.

Jana tuliijaribu. Alikuja bibi yao wale mapacha, kompyuta ikaandika: Haruhusiwi. Bibi akaichungulia. "Huyu naye kazaliwa lini hata asinijue? Mama yao nimemzaa mimi!" Watu wakacheka, mimi jasho linanitoka. Nyuma yake akaja baba mmoja ambaye mkewe, asubuhi hiyo hiyo, alitukataza tusimpe mtoto. Kompyuta: Anaruhusiwa. Nikaziba lango kwa mwili wangu mpaka Mkuu akatoka.

Na Pilipili? Imekataa kumsajili. Inataka jina la baba. Wewe unajua kuliko wote kwamba aliondoka kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto wa ndugu yako, kaka, na umemfungia mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Nililia chooni, nikanawa uso. Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta leso, nikatoa vikaratasi. Kila asubuhi wazazi hunipa: "Leo bibi atawachukua." "Leo usimpe baba yake." Jioni navitupa. Sikukuambia kwa sababu uliniuliza vitu vya kituo, na nani ahesabu takataka kuwa kitu? Lakini nilikosea niliposema najua kwa kutazama. Nasoma kwanza, ndipo natazama.

Ruhusa si ya mtoto, si ya baba, si ya lango. Ni kitu kinachojitegemea. Kuna aliyeitoa, aliyepewa, mtoto gani, mpaka saa ngapi. Kwenye mchoro wako haimo.

Mkuu anakungoja mpaka tarehe thelathini na moja, si zaidi. Siku hiyo atamsimamisha mpishi langoni, ili nisiisaidie kompyuta.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikashindwa kumsomea wifi yako. Nisamehe kwa ajili ya Pilipili. Niliweka wazazi wawili kwa sababu sisi tulilelewa na wawili, wala sikufikiri.

Nilidhani usanifu ni kuvigawia kazi visanduku nilivyonavyo. Kumbe kulikuwa na kazi isiyo na mwenyewe, nami naisukumia kwa yeyote. Nimebomoa. Ruhusa sasa ina kisanduku chake. Sijui kama siku zitatosha.

Swali moja, usinipige: anayeweza kutoa ruhusa ni nani?

Kaka yako

25 Machi

Kaka,

Anayemlea mtoto. Mmoja anatosha.

Mdogo wako

1 Aprili

Kaka, shikamoo. Umelala? Mimi jana sikupata hata lepe la usingizi.

Asubuhi niliingiza vikaratasi vya wazazi kwenye kompyuta; jioni mpishi alisimama langoni na mwiko mkononi kama askari. Bibi wa mapacha akapita. "Ehee, leo una adabu," akaiambia kompyuta. Yule baba akazuiwa, na mimi niko zangu nyuma nakunja nepi. Nikaanza kutabasamu. Ndipo ikaganda. Ikawaka, ikaganda tena. Foleni ikafika barabarani, watoto wanalia, mpishi anapiga kelele chakula chake kinaungua. Nilitamani nikurushie nepi, tena iliyotumika.

Mkuu hakufurahi. "Mwezi mmoja," aliniambia. "Ikiganda tena, yenyewe kabatini, wewe nje." Basi mwezi huo tunao, kaka, usiniulize maswali, itafute inagandia wapi.

Watu walipoondoka nilimsajili Pilipili, nimempakata, anaing'ata meza. Ikauliza: Nani anamlea? Nikaandika: Mama. Nikangoja iulize jina la pili.

Haikuuliza.

Mdogo wako,
Mama Pilipili